Sababu hatukununua ile pikapu



Wiki nyingi sasa munatuuliza: gari iko wapi? Michango iko, pesa ya wafadhili iko, mahindi inangojea kwenye barabara ya Nyunzu, na bado tunalipa nafasi juu ya malori ya wengine. Mama mumoja alituambia wazi kwamba sisi watu wa projeti tunaogopa hata kivuli. Leo tunamujibu.

Tulitafuta pikapu ya Land Cruiser, ile ya motere 1HZ. Sababu munaijua: silinda sita, lita 4,2, inakula mazutu, haina ordinatere, na mafundi wetu hapa wanaizoea. Tukapata moja. Rangi nzuri, mipira mipya, bei chini kidogo. Tulipofika, motere ilikuwa tayari inanguruma.

Hapo fundi wetu alikataa kuanza. Akasema: zimeni, turudi kesho asubuhi. Motere yenye imekwisha kupata moto inaficha ugonjwa. Ikiwa baridi ndiyo unaona inachukua muda gani kuwaka, na moshi gani unatoka. Moshi wa bluu, inakula mafuta ya motere. Moshi mweupe wenye haukomi, pengine maji yanaingia ndani ya silinda. Moshi mweusi sana, mazutu inazidi hewa. Uanze na filtre, kisha enjektere na pombe.

Tuseme ukweli, kesho yake motere iliwaka vizuri. Maji ya radiatere hayakuwa na mafuta juu. Tuliuliza tu kuhusu kuruwa ya distribisioni, maana kwa 1HZ inabadilishwa kila kilometa 100.000, na ikikatika unaweza kupoteza motere. Muuzaji hakujua. Kama muuzaji hajui, hesabu kwamba haikubadilishwa, na uitoe katika bei.

Kisha tulilala chini. Wengi wetu tunazunguka gari tukiangalia rangi, na rangi ni kazi ya siku mbili. Fundi alipiga shasi kwa nyundo ndogo, kutoka mbele mpaka nyuma. Penye chuma ni kizima, kinalia. Penye kutu imekula, sauti inakufa. Nyuma ya kabini, penye rangi nyeusi ilikuwa bado mpya, sauti ilikufa. Tulikwangua. Chini ya rangi kulikuwa bamba la soudire, upande wa kushoto na wa kulia. Shasi ilikuwa imekatika na kuungwa.

Tukainua zulia: mchanga mwembamba. Tukavuta mukanda wa kiti mpaka mwisho: mustari wa udongo. Ile gari ilikwisha kuoga. Tangu mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020, na tangu tuliona ziwa likipanda mpaka ndani ya nyumba za watu, hatuachi tena kuangalia mukanda.

Karatasi hazikuwa na shida. Nambari ya shasi ilifanana na karte roze, risiti za DGDA zilikuwapo. Na ndiyo ilituchanganya: karatasi safi, motere nzuri, na muuzaji akapunguza dola 1.500 hapohapo. Kwa telefone, wanachama wengine walisema tuichukue, tutasoudire tena. Tulibishana mpaka jioni.

Lakini munajua gari yetu itabeba nini. Mahindi chini, na juu ya magunia watakaa wamama na watoto, hata tukikataza. Mvua ikinyesha nani atawaacha barabarani? Shasi ya namna ile inakatika ikiwa na mzigo, ndani ya shimo, mbali na kijiji. Hatukuweza kutia sahihi.

Kwa hiyo pesa ya gari iko yote benki. Yenye imetoka ni malipo ya fundi na usafiri wa siku mbili, risiti ziko ofisini, kila mutu aje kuziona. Tunajua kwamba msimu hautungoji, na kila wiki ya malori ya kukodi inakula faida yenu.

Kuna pikapu nyingine tumesikia, iko Moba. Fundi atatangulia kwa boti. Ameomba kitu kimoja tu: mutu asiwashe motere mpaka afike.