Mchango wa Shule ni Amana

Alhamdulillahi Rabbil-aalamiin. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu,

Wahyi ulianza kwa amri ya kusoma. Imepokewa pia kwamba baada ya vita vya Badri, katika mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wasiokuwa na mali walikubaliwa wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Fidia ya fedha iliachwa, ikachukuliwa elimu.

Nchini kwetu, Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi, na madarasa mengi yalisimama kwa nguvu za wanavijiji wenyewe. Kisha, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima ilifutwa kuanzia Januari 2016. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka.

Je, mzigo umetuondoka? La, ndugu zangu. Fikirini kata ya Maparoni, katika delta ya Mto Rufiji, ambako saruji na bati hufika kwa chombo, na riziki hutoka katika uvuvi na mashamba ya mpunga. Ruzuku hiyo hununua chaki na karatasi; haijengi nyumba ya mwalimu. Na mwalimu asiye na pa kulala hakai. Kilichofutwa ni kulazimishana, ihsani haikufutwa.

Basi mwenye mashua na apakie mifuko ya saruji bila nauli. Fundi na atoe siku yake. Aliyevuna mpunga na atoe pishi moja kwa chakula cha watoto. Yote hayo ni sadaka.

Lakini sadaka ina adabu zake. Kwanza, iwe kwa hiari. Haifai mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu baba yake hakutoa. Mtoto huyo hupoteza masomo kwa deni asilolikopa. Pili, ni amana. Kamati ya shule iandike kila kilichopokewa na kila kilichotumika, na hesabu isomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Mchango ukiliwa mara moja, mwaka wa pili hakuna atakayetoa, naye atakayeumia ni mtoto. Tatu, tusisimbuliane, katika Suratul Baqara, aya ya 264, tumeonywa kwamba masimango huibatilisha sadaka.

Ewe Mola wetu, wape watoto wetu elimu yenye manufaa, wabariki walimu wao, na uwajaalie uaminifu wale waliokabidhiwa mali ya umma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.