Nguvu za Mwili Hazinunuliwi Dukani

Wazee, akina mama na vijana wa Mikinduri,

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo lihusulo kila nyumba, yaani jinsi mtu mwenye fedha kidogo awezavyo kuutia mwili wake nguvu. Vijana wengi husema kwamba hawafanyi mazoezi kwa kuwa hawana ada ya ukumbi wa mazoezi, wala viatu maalum, wala vyuma vya kunyanyua. Yafaa tuzipime sababu hizo.

Kwanza ni viatu. Mwaka 1960, katika Michezo ya Olimpiki mjini Rome, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia maili 26 na zaidi kwa miguu mitupu, akawashinda wote. Simwambii mtu atupe viatu vyake, ila asingoje viatu vipya ndipo aanze.

Pili ni ukumbi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walitangaza habari za wafanyakazi wa mabasi ya London yenye orofa mbili. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Ilionekana kwamba madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta. Ngazi hizo hazikuwa na ada. Basi kijana apandaye pikipiki kwenda sokoni, mwendo wa robo saa kwa miguu, analipa fedha ili aukose mlima wa Nyambene aliopewa bure.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lasema mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Tembea kwa haraka kiasi cha kuweza kuzungumza lakini usiweze kuimba.

Tatu ni vyuma. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Anza na mtungi wa lita 5, uunyanyue mara kumi, upumzike, urudie mara mbili. Baada ya majuma machache ongeza maji. Chuchumaa na kusimama. Lala kifudifudi ujiinue kwa mikono. Ruka kamba ya katani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama hakuna bei.

Lakini nina neno kwa wanaume. Mama aliyelima tangu asubuhi, kisha akapanda kilima na lita 20 mgongoni, amekwisha kufanya mazoezi yake na ya jirani. Yeye ahitaji chakula na usingizi. Mwanamume atafutaye uzito wa kunyanyua na auchukue mtungi huo autue nyumbani. Atapata misuli, na jamaa itapata maji.

Juu ya chakula, msidanganywe na unga wa kujenga misuli uuzwao katika makopo. Mahindi na maharagwe yakipikwa pamoja hukamilishana katika kuujenga mwili. Ongezeni mboga za majani, ndizi, na yai lipatikanapo. Ni hasara kuuza mayai yote ili kununua soda. Na atafunaye miraa usiku kucha ajue kwamba huondoa hamu ya chakula na usingizi, vitu viwili ambavyo mwili hujengwa navyo.

Mwisho, mwenye shinikizo la damu, maumivu ya kifua au kizunguzungu na amwone mganga kwanza katika zahanati.

Haba na haba hujaza kibaba. Anzeni kesho kwa nusu saa tu, na wazee watangulie ili vijana wafuate.