Samaki Mgeni Akikataa Kula

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia wanaofuga samaki)



Tumepewa muda mfupi, kwa hivyo hatutazunguka. Leo hatuzungumzi juu ya kuchimba bwawa wala juu ya soko. Tunazungumza juu ya wiki ya kwanza tu, tangu vifaranga vya samaki waingie majini. Ni siku saba, lakini tumeona kikundi kikipoteza akiba ya mwaka mzima katika siku hizo. Na kilichowaua samaki hawakuwa njaa wala mwizi. Kiliwaua chakula.

Tuanze na kisa hicho, maana kinatuhusu hata sisi tunaowashauri.

Kikundi kimoja cha akina mama kilichanga pesa kidogo kidogo. Wakachimba bwawa la mita za mraba 300, kile kipimo ambacho wengi wetu tulikizoea tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009. Wakanunua vifaranga 1,000 vya tilapia, wale ambao watu wa ziwani huwaita ngege. Wakapanga zamu ya kulisha. Siku ya kwanza walirusha pumba, samaki hawakuonekana. Siku ya pili ikawa vile vile. Pumba zilielea, zikalowa, zikazama. Akina mama wakaingiwa na hofu, wakatuita.

Tulifika, tukasimama ukingoni, tukatazama. Kisha tukasema, "Pengine chakula ni kidogo. Ongezeni." Tulisema hivyo bila hata kutia mkono majini. Basi wakaongeza: gorogoro nzima asubuhi na nyingine jioni.

Siku ya tano alfajiri, mama wa zamu, mjane mwenye watoto wadogo, alikuta samaki wamejaa juu ya maji wakihema. Kufikia saa nne, mamia walikuwa wameelea matumbo juu.

Mkutano wa siku hiyo ulikuwa mchungu. Mmoja alisema yule mama hakuwalisha, alipelekea kuku wake zile pumba. Mwingine akasema ana mkono mbaya. Wakataka alipe. Yeye alikaa kimya akitazama chini. Afisa wa uvuvi alipokuja, alizoa tope la chini kwa ndoo. Lilinuka kama yai viza, na ndani yake mlikuwa na pumba tupu. Hapo ilitubidi tusimame mbele ya wote tuseme: huyu mama aliwalisha kama alivyoagizwa. Kosa ni la ushauri wetu.

Sasa, kwa nini samaki mgeni hukataa kula?

Kwanza, ametoka safarini. Muuzaji anayejua kazi yake huwanyima chakula kabla ya safari ili wasichafue maji ya mfuko. Kisha wamebanana, wametikiswa njia nzima, wakatolewa katika maji ya huku wakatiwa katika maji ya kule. Samaki aliyeshtuka hana hamu ya kula. Hata mtu akishuka basi baada ya safari ya usiku kucha, si anaomba maji na mahali pa kulala kwanza?

Pili, huenda maji ni baridi. Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji. Tilapia hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Kwetu huku juu, asubuhi na mapema, maji ni baridi na samaki amezubaa chini. Ukimrushia chakula saa kumi na mbili unalisha matope. Ngoja saa nne, jua limeshapasha maji, kisha mpe tena saa kumi jioni.

Tatu, chakula kinaweza kuwa kikubwa kuliko mdomo wake. Kifaranga hawezi kumeza tembe ya samaki mzima. Msagie iwe unga.

Nne, na hili wengi hatulijui, huenda anakula nawe huoni. Bwawa lililotiwa mbolea vizuri huwa na maji ya kijani. Ule ukijani ni vijimea vidogo mno, na tilapia huvila. Tumbukiza mkono mpaka kiwiko. Ukiona vidole vyako wazi kabisa, maji bado hayana chakula. Kiganja kikianza kupotea maji yanapofika kiwikoni, hali ni nzuri. Kikipotea mapema zaidi, acha kutia mbolea.

Sasa tufanye nini? Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa samaki pia tuende hivyo.

Siku ya kuwaleta, chagueni asubuhi mapema au jioni, kusiwe na jua kali. Msiwamwage. Laza mfuko ukiwa umefungwa juu ya maji kwa dakika 15 au 20, joto la ndani na la nje lilingane. Ufungueni, mtie maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha muuinamishe, samaki watoke wenyewe. Siku hiyo msiwape kitu.

Siku ya pili, wapeni ngumi moja tu ya unga wa pumba uliochanganywa na omena ya kusaga. Omena ina harufu, huwaita. Rusheni mahali pamoja, saa ile ile, mtu asimame kimya. Watoto na mbwa wakae mbali, maana samaki huogopa kivuli na kishindo. Ngojeni dakika 15. Chakula kikibaki, msiongeze. Kesho punguzeni.

Kuanzia siku ya tatu mtaanza kuona midomo juu ya maji. Hapo ongezeni polepole. Lakini tupige hesabu pamoja. Vifaranga 1,000 vya gramu 5 kila mmoja ni kilo 5 za samaki. Tukiwapa gramu 5 kwa kila gramu 100 za uzito wao, ni gramu 250 kwa siku nzima. Robo kilo! Pimeni robo hiyo kwa mizani ya duka, muitie katika mkebe, mweke alama. Nusu yake asubuhi, nusu jioni. Anayeshika zamu asikisie kwa macho.

Chakula kinachobaki huoza. Kikioza hutoa sumu, tena hunyang'anya samaki hewa iliyo majini. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu vile vijimea navyo hupumua gizani. Ndiyo maana samaki huhema alfajiri. Mkiona hivyo, acheni kulisha mara moja, toeni maji ya chini, ingizeni mapya. Waliokufa waondolewe upesi. Wiki ikipita bila kula, au mkiona madoa meupe kama pamba mwilini, mwiteni afisa wa uvuvi.

Kuna kijana mmoja hapa ametuuliza juu ya samaki wake wa urembo wa kwenye kioo. Jibu ni lile lile, ila maji ya mfereji yenye dawa yakae kwanza siku nzima katika beseni lililo wazi. Mpe chembe mbili tatu, na mabaki uyatoe.

Kile kikundi hakikuvunjika. Waliacha bwawa likauke, wakatoa tope, wakaanza upya na vifaranga 300 tu. Yule mama aliombwa msamaha mkutanoni, na sisi pia tulimwomba. Leo ndiye anayeshika daftari la bwawa: saa ya kulisha, kiasi, waliokula na waliokufa. Mtu wa zamu haanzi kazi kabla ya kulisoma.

Basi, mkirudi nyumbani, nunueni daftari kabla ya vifaranga. Na samaki wakikataa kula, kabla ya kumnyoshea mtu kidole, tieni mkono majini.

Sasa tuulizane maswali.