Chombo na Wimbo: Hotuba kwa Wanakwaya katika Jubile ya Paroki



Katika furaha hii ya jubile nimeombwa niseme machache juu ya muziki wa ibada. Nimechagua jambo moja: chombo anachokishika mtunzi hakingoji wimbo umalizike ndipo kiusindikize. Kinauzaa pamoja naye.

Anayetunga kwenye kinanda husikia sauti nne zikipatana. Kwa hiyo hutunga beti zilizolingana, na kila ubeti hufuata sauti ileile. Huo ni utajiri. Lakini katika Kiluba, na katika lugha nyingi za wazee wetu, kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Ubeti wa pili ukivikwa sauti za ubeti wa kwanza, neno laweza kupotoka. Hata Kiswahili, kisicho na jambo hilo, hudai mkazo wake mahali pake.

Ngoma ya mti, yenye sauti ya juu na ya chini, ilijifunza tangu zamani kulifuata neno. Ndiyo sababu iliweza kupeleka habari toka kijiji hata kijiji. Anayetunga kwa ngoma huanzia katika neno na mwendo wa miguu; huweka mwito wa mmoja na itikio la wengi. Likembe nalo lina vyuma vichache na vidole gumba viwili. Uchache huo ni shule: mtunzi hutafuta uzuri katika mapigo, si katika wingi wa sauti. Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey katika Katanga mwaka 1952, alipiga gitaa kwa kidole gumba na cha pili tu. Gitaa moja likasikika kama mawili.

Mwaka 1958, kule Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, na waimbaji wake waliimba Missa Luba. Maneno yalibaki ya Kilatini. Kinanda kilinyamaza, ngoma zikasema, na waimbaji wakatunga kwa kuimba. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano ulikiheshimu kinanda cha mabomba, ukaruhusu pia vyombo vingine vinavyofaa ibada. Mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, jina la nchi yetu wakati ule.

Basi, mlango u wazi. Hatari ya leo ni nyingine: kinanda cha umeme chenye mapigo yaliyokwisha kutengenezwa. Kijana anabonyeza kidude, mapigo yanatoka, naye anapanga maneno juu yake. Nyimbo zinafanana kama matofali ya kalibu moja.

Sisemi tukitupe. Naomba mambo mawili. Kila kijana anayetaka kutunga ajifunze kwanza ngoma, akitamka maneno yake kabla ya kuyaimba. Pia tuwatafute wazee wanaojua likembe, tuwape wanafunzi wakingali hai. Mzee akizikwa na ujuzi wake, hatupotezi chombo tu. Tunapoteza nyimbo ambazo hakuna atakayezitunga tena, na sifa ambazo Mungu angalipewa kwa nyimbo hizo.

Bwana aibariki paroki yetu.