Ghala Lisilo na Mlinzi



Utawala wa Idi Amin ulipoangushwa mwezi Aprili, 1979, askari wake wa kambi ya Moroto, huko Karamoja, walikimbia. Ghala la silaha likabaki bila mlinzi. Wafugaji wa Kimatheniko wakaingia, wakabeba bunduki na risasi. Wizi wa mifugo ukageuka vita. Ukame ulipoongezeka mwaka 1980, njaa iliua maelfu.

Lakini risasi haizai. Ikifyatuliwa, imekwisha. Hivyo risasi zikawa bidhaa, zikabadilishwa kwa mifugo. Mwenye bunduki bila risasi alibaki na fimbo tu. Hata hivyo, uhaba huo haukuleta amani. Ulichochea biashara ya magendo.

Serikali ya Uganda ilianza kukusanya silaha hizo Desemba, 2001. Jeshi lilipohamishiwa vita vya kaskazini mwaka 2002, waliokwisha kusalimisha bunduki walivamiwa na majirani wenye silaha. Kazi ikabidi ianzwe upya mwaka 2006.

Fundisho ni wazi. Raia husalimisha bunduki anapoamini kuwa dola italinda ng'ombe wake. Na dola hiyo huanzia kwenye daftari la mtunza ghala na zamu ya mlinzi asiyeondoka.