Masika Yanayokuja na Baridi: Bustani ya Nyumbani San Diego



Nianze na mjakaranda. Mliowahi kukaa Nairobi mnaukumbuka: ikifika Oktoba barabara zinageuka zambarau. Hapa San Diego mti huohuo hutoa maua Mei na Juni. Si mti wa kwetu wala si wa hapa. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliyeueneza mjini hapa ni bibi mmoja mkulima wa miche, Kate Sessions, ambaye mwaka 1892 alikodi ardhi ya bustani ya mji, siku hizi Balboa Park, kwa sharti la kupanda humo miti 100 kila mwaka. Mjakaranda umefika ugenini ukafuata kalenda ya mwenyeji. Mimi, mtoto wa Muheza niliyekulia shambani, ilinichukua miaka mitatu kufanya hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza mvua ilinyesha Novemba. Nikasema, hizi ni vuli, nikapanda mahindi na mchicha nyuma ya nyumba. Yaliota. Mahindi yakafika gotini, yakapiga njano, yakagoma. Mchicha ulitoa majani manne na kichwa cha mbegu. Nikadhani mbegu ni mbovu, nikamlaumu muuzaji. Kumbe kosa lilikuwa langu, na ndilo kosa ambalo nimekuja kulizungumzia, kwa sababu naliona kwenye bustani nyingi za watu wetu.

Kwetu mvua na joto ni ndugu, huja pamoja. Mtu akisema masika, amesema pia ardhi yenye uvuguvugu na kila kitu kinaota. Hapa ndugu hao wamegombana. Wakati wa joto, mgandamizo mkubwa wa hewa hutanda juu ya Pasifiki mbele ya pwani hii na kuzifukuza dhoruba. Baridi inapoingia, mgandamizo huo husogea kuelekea ikweta, na dhoruba za kutoka magharibi hupata njia. Ndiyo hali ya nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, ya Chile ya kati, ya Rasi ya Afrika Kusini, na ya kusini na kusini-magharibi mwa Australia. Mvua hunyesha jua likiwa dhaifu. Jua likipata nguvu, mbingu imefungwa miezi mitano au sita.

Na mvua yenyewe ni ya kuhesabu. San Diego hupata wastani wa milimita 250 hivi kwa mwaka. Dodoma, ambapo sote tumezoea kupaita pakavu, hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo anayetaka mwalimu wa bustani hapa asimtafute Lushoto. Amtafute Mgogo.

Hapo ndipo nilipobadilisha matuta. Kwetu tunainua udongo ili maji ya masika yasiozeshe mizizi, na nilipofika hapa niliinua vilevile. Tuta la kuinuliwa hapa hukauka pande tatu kabla ya saa sita mchana, na mvua ikinyesha maji yote hutelemka mtaani. Siku hizi nachimba kwenda chini: majaruba madogo ya kina cha kiganja, kingo zimeinuliwa, katikati nimejaza mboji na samadi. Kwa maboga na biringanya nachimba mashimo kama yale ya kijiji cha Chololo, Dodoma, ambako kila shimo hukusanya maji na mbolea ya mmea wake. Jirani yangu mzee, mmoja wa Wabantu wa Somalia ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Uzigua katika karne ya 19, aliyaona akacheka, akaniambia kwa Kizigula kitu nilichokielewa nusu. Kesho yake nilimkuta anachimba. Wengi wenu mnaijua bustani ya pamoja iliyofunguliwa City Heights mwaka 2009, ambako wazee kama yeye walianza kulima tena baada ya miaka ya kambi za wakimbizi. Ukitaka kuona kunde na mnavu vilivyotulia, nenda pale Julai.

Sasa kalenda. Masika yetu hapa yaanze Oktoba, na yawe ya mboga zinazopenda ubaridi: sukumawiki, kabichi, karoti, spinachi, njegere, vitunguu, giligilani. Giligilani ndiyo shahidi mzuri zaidi. Ukiipanda Mei, ndani ya wiki chache imekimbilia kwenye maua. Ukiipanda Novemba, utachuma mpaka uchoke. Saumu ifukiwe Oktoba au Novemba, ing'olewe karibu na Juni. Sukumawiki ikipigwa na baridi ya Januari huwa tamu kuliko ile niliyoizoea nyumbani. Wa nyumbani hawaamini nikiwaambia.

Mboga za joto zingoje. Nyanya Aprili. Mahindi, kunde, mchicha na maboga Mei. Bamia msiiharakishe: Mei na Juni pwani hii hufunikwa na mawingu mazito ya baharini hadi mchana, udongo haupati moto, na bamia hudumaa kwa hasira. Mnaoishi bara, upande wa El Cajon, mnaweza kututangulia sisi wa karibu na bahari. Ndizi huzaa ukiipa mbolea na subira. Mnazi usijisumbue nao. Udongo wa baridi uliolowa huua mizizi yake.

Mbaazi nizitenge, maana zimewaliza wengi. Mbegu za kienyeji za Afrika Mashariki husikiliza urefu wa mchana. Karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, lakini San Diego Juni ina zaidi ya saa 14 za mwanga na Desemba ina saa 10 tu. Mbaazi ikiona siku ndefu hujenga majani. Yangu ilipita paa la banda bila ua hata moja. Oktoba siku zilipofupika ikachanua, na maganda yakaingia kwenye baridi yakiwa membamba. Haikuwa na ugonjwa wala uchawi. Dawa yake ni mbegu za muda mfupi, zisizojali sana urefu wa siku.

Nirudi kwenye maji, maana maji ndiyo gharama, na ndani ya gharama kuna chumvi. Sehemu kubwa ya maji ya bomba mjini hapa hutoka mto Colorado, husafiri jangwani kwa mfereji na mabomba mamia ya kilomita, na njiani yamebeba madini. Tufanye hesabu ndogo. Chukua lita yenye miligramu 500 za madini yaliyoyeyuka. Jaruba la mita 10 za mraba likipewa milimita 5 kwa siku, kwa siku 150 za joto, limekunywa lita 7,500. Maji yamekwenda hewani, na kilo 3.75 za madini zimebaki chini. Ndiyo maana majani ya parachichi huungua ncha mwezi wa Agosti, na mwenye mti huongeza mbolea ya chumvichumvi akidhani mti una njaa. Anauongezea maradhi.

Kinachosafisha udongo huo ni mvua ya baridi, kwa kuwa haina chumvi. Kwa hiyo mvua ya Desemba isiachwe ipotee, hata kama jaruba halina kitu. Iache inyweke, izame chini, ichukue chumvi iende nayo. Kwenye paa pia kuna hazina: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita 100 hupokea lita 25,000 kwa mwaka wa wastani. Sheria ya California ya mwaka 2012 inakuruhusu kuyakinga. Mapipa mawili hayatamaliza hesabu hiyo, lakini miche yako ya Aprili itayashukuru.

Maji ya mashine ya kufulia yanaruhusiwa pia, bila kibali kwa mfumo rahisi usiokata mabomba ya nyumba, tangu 2009. Yapeleke kwenye miti ya matunda, chini ya matandazo, kwa sabuni isiyo na chumvi nyingi wala dawa ya kung'arisha. Yasiguse karoti wala majani ya kuliwa.

Mwagilia kwa matone, asubuhi, mara chache na kwa wingi, ili mizizi ishuke. Funika udongo kwa matandazo ya unene wa vidole vinne, ila mita 1.5 za kwanza kutoka ukuta wa nyumba ziache tupu, moto usipate njia. Vuli ya hapa huleta upepo wa Santa Ana, mkavu na wa moto kutoka jangwani, na moto wa Cedar wa Oktoba 2003 uliteketeza zaidi ya hekta 110,000 katika kaunti hii. Ukisikia upepo umetangazwa, mwagilia siku moja kabla haujafika.

Wadudu sitawakalia. Vidukari huondoka kwa maji ya mpira, na konokono huokotwa usiku kwa tochi. Watoto hufurahia kazi hiyo. Lakini michungwa ina jambo zito. Mdudu anayeeneza ugonjwa wa kijani aligunduliwa kaunti hii mwaka 2008, na ugonjwa wenyewe ukaonekana California mwaka 2012. Ukishaingia mtini hauna tiba. Sisi wa Muheza tunajua maana ya kijiji kupoteza michungwa. Msihamishe mche, kikonyo wala majani ya ndimu kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, na msimwombe ndugu awafichie kipandikizi ndani ya sanduku la safari.

Mwisho ninayo maombi mawili. Mvua ya kwanza yaweza kunyesha wiki chache zijazo, kwa hiyo asiye na jaruba achimbe Jumamosi hii; aliye na mgongo mbovu aseme, tutakwenda vijana watatu. Na mwenye mbegu ya mbaazi inayokomaa mapema, hata kikombe kimoja, naomba anione kabla hatujatoka humu ndani. Nitampa mashada mawili ya saumu ya kupanda.