Maji ya Kisima na Haki ya Kujua



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri za Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Mbulu na Hanang, tumeombwa kusema nanyi juu ya maji yaliyo chini ya ardhi, na juu ya wajibu wa kuyapima, si siku ya kuzindua kisima tu, bali mwaka hata mwaka. Wana wa Israeli walipofika Mara waliyatambua maji machungu kwa ulimi. Sisi hatuna bahati hiyo. Madini mengi yanayodhuru hayana ladha wala harufu, na hayabadili rangi ya maji katika ndoo.

Tuanze mbali kidogo, mahali ambapo jambo hili linaonekana kwa ukali wake wote, yaani penye migodi ya urani iliyofungwa. Huko Katanga, kwa wenzetu wasemao Kiswahili, uko mgodi wa Shinkolobwe. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka humo. Mwaka 1960 mashimo yake yalizibwa kwa zege. Baadaye maskini walirudi kuchimba kobalti kwa mikono. Januari 2004 Rais wa Kongo akaufunga kwa amri, na Julai mwaka huo huo machimbo yakaporomoka na kuua watu. Mgodi ule ulifungwa mara mbili, na mara zote mbili waliofunga waliutazama mlango tu.

Sasa tazameni Ujerumani ya Mashariki. Huko kampuni ya Wismut ilichimba urani tangu 1946 hadi 1990. Mgodi unapofanya kazi, pampu huyavuta maji ili wachimbaji wasizame. Pampu zikizimwa, maji hupanda taratibu katika mahandaki, yakiyeyusha urani na madini mengine njiani, kisha hutafuta njia ya kutokea kwenye vijito na visima. Kwa sababu hiyo serikali yao imeendelea kuyapima na kuyasafisha maji hayo miaka zaidi ya 30 baada ya mchimbaji wa mwisho kurudi nyumbani. Gharama ni kubwa mno, na analipa mwananchi, si yule aliyefaidika na urani.

Mtatuuliza: sisi tuna mgodi gani wa urani? Hatuna. Lakini majirani zetu wa Manyoni na Bahi waliona makampuni ya kigeni yakiitafuta katika ardhi yao, na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Namtumbo kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani. Tunaona fahari kwamba watafiti wetu walikwisha kupima udongo na maji ya kijiji cha Likuyu, jirani na eneo hilo, kabla uchimbaji haujaanza. Bila kipimo cha mwanzo, mwanakijiji atakayelalamika baadaye ataambiwa kwamba maji yake yalikuwa hivyo tangu zamani, naye hatakuwa na karatasi ya kujibu.

Kwetu sisi, mwamba wenyewe umeifanya kazi ya mgodi bila kuchimbwa. Mlima Hanang ni mlima wa volkeno, na mawe ya Bonde la Ufa huyapa maji floraidi. Ikizidi, meno ya mtoto hubadilika rangi yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huuma na kupinda. Tunawafahamu watoto wanaofunika mdomo kwa mkono wanapocheka. Wazazi wao waliwachemshia maji kwa uaminifu kama walivyofundishwa kliniki. Kuchemsha huua vijidudu, na kuna faida kubwa. Lakini floraidi haiondoki, bali hubaki katika maji yaliyopungua. (Na akina mama watuwie radhi: magadi tunayolainishia makande nayo huongeza floraidi.)

Hapa lipo jambo la haki ambalo halisemwi vya kutosha. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4 za floraidi katika lita moja ya maji, na vijijini kuna wakati iliruhusiwa hata 8. Leo kiwango chetu ni miligramu 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Basi kisima kilichofaulu kwa cheti cha zamani huenda leo hakifaulu, hata kama maji yake hayajabadilika hata kidogo. Baadhi ya visima hivyo vilichimbwa na Kanisa, kwa nia njema, na kubarikiwa. Baraka haiondoi wajibu wa kupima tena. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyataja maji salama kuwa haki ya msingi ya kila binadamu.

Hatusemi visima vifungwe. Kukifunga kisima na kumrudisha mama kwenye mwendo wa saa tatu ni dhuluma nyingine. Maji yaliyozidi kipimo yafulie nguo na kujengea. Ya mvua kutoka mabati ya kanisa na shule yawekwe kwanza kwa ajili ya kunywa watoto wadogo. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, na ujuzi huo uombwe. Visima viwili vya kijiji kimoja vyaweza kutofautiana sana, kwa hiyo tusikisie kimoja kwa kingine.

Tunaomba kila parokia iandike visima vyote vya eneo lake, vya dini na dhehebu lolote, pamoja na tarehe na jibu la kipimo cha mwisho. Ofisi ya RUWASA ya wilaya iombwe majibu hayo kwa barua, nayo yasomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji. Chupa ya sampuli isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, iandikwe jina la kisima na siku. Kisima kisicho na jibu lolote kiandikwe “hakuna”, na hicho ndicho kitakachopimwa kwanza.